Muulize Bibi Shamba: Kabla Hujanunua Dawa, Chimbua Mche Uone Mizizi

Wapendwa wasomaji, meseji za mwezi huu nimezisoma zote na nyingi zinaongelea kitu kimoja hata kama wenyewe hawajakijua, mmoja anasema mnyauko, mwingine udongo umechoka, mwingine mbegu feki. Nimeamua toleo hili lote liwe la minyoo fundo, mana nimeona watu wanamaliza mitaji kwa kupulizia majani wakati ugonjwa uko chini ya ardhi.

Bibi Shamba shikamoo. Mimi ni mkulima wa nyanya huku Ilula, Iringa, nina heka moja na robo. Nyanya zilitoka vizuri kitaluni hadi shambani lakini kufika wiki ya sita zikaanza kudumaa kwa mafungu mafungu, yaani sehemu zingine zina afya alafu katikati kuna kama duara la miche mifupi ya njano. Mchana jua likiwaka zinanyauka, jioni zinasimama tena. Nimepiga dawa ya ukungu mara nne, nimepiga busta, nimeongeza urea, wapi. Jirani anasema ni mnyauko, mwingine anasema shamba limerogwa. Hela imeisha, nisaidie mama.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Shamba halijarogwa. Acha kwanza kupiga kitu chochote, chukua koleo nenda kwenye lile duara, chimbua mche mmoja na udongo wake, usiuvute kwa mkono mana mizizi midogo ndo yenye ushahidi na ukivuta inabaki chini. Weka kwenye ndoo ya maji uitikise taratibu mpaka udongo utoke. Alafu chimbua na mche mmoja wenye afya kutoka pembeni, uilaze sambamba. Kama mizizi ya ule mgonjwa ina vinundu vinundu, mingine midogo kama punje ya ulezi, mingine imeungana hadi mzizi unafanana na tangawizi, basi umeshapata jibu lako na halijakugharimu hata shilingi.

Vinundu hivo vinatengenezwa na minyoo midogo sana, wataalamu wanaiita Meloidogyne, sisi tunasema minyoo fundo. Kinyoo kichanga kina urefu wa kama nusu milimita, huwezi kukiona kwa macho. Kinaingia kwenye ncha ya mzizi mchanga, kinakaa sehemu moja, kinaulazimisha mzizi utengeneze seli kubwa zilizovimba ambazo ndo zinamlisha, na hapo mzizi unavimba. Jike akikomaa anakuwa mviringo kama peasi, mweupe kama lulu, ukipasua kinundu taratibu kwa wembe ukatazama kwa lenzi unaweza kumuona. Haondoki tena pale. Anataga mayai ndani ya ute kama jeli, mayai mia tatu, mia tano, wengine hadi elfu moja, na kwa aina zinazosumbua sana huku kwetu hahitaji hata dume. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 mzunguko mzima unachukua wiki tatu hadi nne tu. Sasa piga hesabu mwenyewe, tuseme katika hayo mayai mia tano wanapona kumi tu, kizazi cha tatu mmoja ameshakuwa elfu moja, na nyanya yako bado haijafikia kuchumwa mara ya mwisho.

Ndo mana mche unanyauka mchana na udongo una maji. Mzizi ulioziba hauwezi kupandisha maji ya kutosha jua likiwa kali, jioni mahitaji yakipungua unajikongoja. Na ndo mana urea haikusaidia, chakula kipo mlangoni ila mlango umefungwa. Na yale mafungu, kinyoo chenyewe kikijitembeza hakimalizi hata mita moja kwa msimu, kwahiyo kinaanza pale kilipoletwa, kinazaliana, duara linatanuka. Kinachokisafirisha mbali ni sisi: miche, udongo kwenye buti, jembe la kuazima, trekta lililotoka shamba la jirani, maji ya mfereji yanayopita shamba moja kwenda jingine.

Kuhusu mnyauko, jirani yako naye anaweza kuwa sahihi nusu. Minyoo hii inatoboa mizizi na vidonda hivo vinafungulia mlango mnyauko wa bakteria na ule wa kuvu wa fusari. Mche ukinyauka moja kwa moja bila kusimama jioni, kata shina karibu na ardhi, kitumbukize kipande kwenye glasi ya maji safi ukiache kitulie dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka hiyo ni bakteria. Fanya vyote viwili, glasi na ndoo. Nimeona shamba lenye vyote na mkulima alikuwa anapambana na kimoja tu.

Sasa ufanye nini. Kwa msimu huu nitakuambia ukweli, mche ambao mizizi yake imeshakuwa tangawizi hauponi. Ile yenye dalili kidogo isaidie kufikisha mzigo, mwagilia kidogo kidogo mara nyingi zaidi kuliko maji mengi mara moja, pandishia udongo na mboji kwenye shina ili itoe mizizi mipya ya juu, funika na nyasi kavu udongo usichemke. Usitegemee zaidi ya hapo na usikope hela ya dawa nyingine.

Kazi kubwa inaanza siku unamaliza kuchuma, na hapa ndipo wengi wanapokosea na roho inaniuma kila nikipita. Mtu akimaliza anaacha mashina yasimame shambani mwezi mzima au anayalimia chini yawe mbolea. Yale mashina bado yana mizizi hai na kila kinundu ni nyumba ya kuzalia. Siku ileile ya mchumo wa mwisho chimbua kila shina na mizizi yake, anika juani ikauke kabisa alafu choma, usitupe kwenye shimo la mboji na usitupe mferejini. Kisha lima kwa kina kiasi cha jembe zima, acha udongo wazi jua la kiangazi liupige, baada ya wiki mbili tatu geuza tena. Vichanga vikitotolewa bila mzizi wa kula vinakufa njaa, na vilivyo juu jua linavikausha. Lakini hapo usiruhusu majani yaote, mana minyoo hii inaishi kwenye aina zaidi ya 2,000 za mimea na magugu yamo. Mnavu ulioachwa ujiotee pembezoni unailisha vizuri sana wakati wewe unadhani shamba limepumzika.

Msimu unaofuata usirudishe nyanya, wala bilinganya, wala hoho, wala bamia, wala tango na tikiti. Wengi wataniuliza je mahindi? Mahindi hayaonyeshi vinundu vikubwa kwahiyo watu wanaona ni salama, kumbe mbegu nyingi za mahindi zinailea minyoo hii kimyakimya na nyanya ikirudi inapokelewa na jeshi. Karanga ni bora, kwa zile aina mbili za minyoo fundo zinazotawala maeneo mengi ya joto inakuwa kama meza tupu. Marejea, ule mmea wa kurutubisha udongo, ni bora zaidi, nitaieleza chini. Na mbegu ya nyanya ukirudi tafuta yenye kinga, Tengeru 97 iliyotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru pale Arusha inasifika kwa kuvumilia vinundu, na kwenye pakiti za haibridi tafuta herufi N au Ma, Mi, Mj karibu na jina, hizo ndo alama za kinga ya minyoo hii. Moneymaker ambayo wengi tunaipenda kwa ladha haina kinga yoyote, usiipande kwenye shamba hilo.

Habari Bibi Shamba. Niko Kiambu, Kenya, nina grinihausi ya mita 8 kwa 15. Nilinunua haibridi ya bei ghali kwa sababu pakiti ilisema haishikwi na nematodi, yaani hiyo minyoo fundo. Msimu wa kwanza poa, wa pili poa, huu wa tatu nimeng'oa nikapata mizizi imejaa vinundu. Nilidanganywa? Na nikibadilisha mchanga wote ndani itasaidia?

Nzuri ndugu yangu. Sidhani kama ulidanganywa, ila kuna kitu hukuambiwa. Kinga iliyoko kwenye karibu haibridi zote za nyanya ni ya jeni moja inayoitwa Mi, ilichukuliwa kutoka nyanya pori ya Amerika Kusini miaka ya 1940, na hadi leo ndo hiyohiyo tunayoitegemea. Ina udhaifu mkubwa mmoja, udongo ukizidi nyuzi 28 za joto inalegea na minyoo inaingia kama vile mche hauna kinga. Grinihausi yenye nailoni iliyofungwa, kiangazi, kitanda cha udongo mtupu, unafika hapo kirahisi kabisa. Tena ukipanda nyanya ileile msimu baada ya msimu mahali palepale unaichuja minyoo, ile michache inayoweza kuivunja kinga ndo inayobaki na kuzaana. Isitoshe jeni hiyo haizuii kila aina, ile inayopenda baridi ya nyanda za juu, Meloidogyne hapla, inapita tu.

Kwahiyo kwanza poza udongo, fungua pembeni hewa ipite, funika vitanda na nyasi kavu. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke sentimita 10 chini saa nane mchana, uandike namba kwenye daftari. Bila hiyo unabahatisha.

Kubadilisha udongo wote, kwa eneo la mita 8 kwa 15 ukichimba hata sentimita 30 tu ni mita za ujazo 36, ni lori kadhaa kutoka na lori kadhaa kuingia, na huo unaoletwa unajuaje ni msafi? Ningekuwa wewe ningetumia hilo joto linalokutesa likufanyie kazi. Ukishatoa mizizi yote mwagilia vitanda mpaka viloe vizuri, tandika nailoni inayoangaza, sio nyeusi, ibane kingo zote kwa udongo isipitishe hewa, funga grinihausi kabisa na uache wiki nne hadi sita za kipindi cha jua kali. Udongo wenye unyevu unapitisha joto kuliko mkavu ndo mana tunamwagilia kwanza. Tabaka la juu litasafika, chini zaidi watabaki wengine, kwahiyo usichimbe kwa kina tena baada ya hapo ukawapandisha juu. Baada ya nailoni kutoka, weka mboji iliyoiva na ukipata kuvu rafiki kama Purpureocillium lilacinum, anayekula mayai ya minyoo, au Trichoderma, weka wakati wa kupanda. Hao ni viumbe hai, hawafanyi kazi kwenye udongo mkavu usio na mboji na ukiwahifadhi juani wanakufa kwenye pakiti, alafu watu wanasema dawa ya kibaiolojia ni uongo.

Kama kuna kitalu karibu kinachouza miche ya kubebesha, yaani nyanya juu na shina la bilinganya mwitu chini, jaribu mstari mmoja kwanza uone.

Shikamoo bibi. Huku Lushoto nimeng'oa maharage nikakuta vinundu kwenye mizizi, niyang'oe yote?

Marahaba, usiyang'oe mwanangu! Jaribu kukibandua kimoja kwa kucha. Kama kinabanduka kirahisi kimekaa pembeni ya mzizi kama shanga, na ukikipasua ndani ni pinki au chekundu kama damu nyepesi, hao ni bakteria wazuri wanaoipa maharage naitrojeni, ni baraka hiyo. Kinundu cha minyoo hakibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba, ukilazimisha mzizi unakatika. Mzizi mmoja wa maharage unaweza kuwa na vyote viwili kwahiyo angalia zaidi ya mche mmoja. Na kwa vile Lushoto mnalima sana kabichi, uvimbe mkubwa kama vidole kwenye mzizi wa kabichi mara nyingi ni ugonjwa mwingine kabisa, unapenda udongo wenye tindikali na unahitaji chokaa.

Mambo Bibi Shamba, mimi ni mama wa nyumbani Kigamboni, napanda mchicha, bamia na nyanya chungu kwenye viroba na kitanda kimoja nyuma ya nyumba. Bamia zimedumaa nimeziangalia mizizi ina manundu manundu kabisa. Jamaa mmoja kaniletea punje za zambarau kwenye kopo la zamani la dawa anasema ni kiboko, kijiko kimoja kila shimo wanakufa wote. Mtoto wangu ana miaka mitatu anacheza hapohapo. Niweke?

Poa mdogo wangu, na nakuomba usiweke. Tena usome jibu hili lote kabla hujaligusa kopo hilo.

Punje za namna hiyo kwenye kopo lisilo na lebo kwa uzoefu wangu mara nyingi ni kabofurani, ile watu wengi waliijua kwa jina la Furadan. Ni sumu kali ya mishipa ya fahamu, punje moja inatosha kuua ndege. Mwaka 2009 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza iliamua kuiondoa kwenye soko la Kenya, Uganda na Tanzania baada ya kugundulika watu wanaitumia kuua simba, na mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali hatari. Inapanda ndani ya mmea wenyewe, haioshwi kwa maji. Mchicha unauvuna wiki tatu nne baada ya kusia, sasa hiyo sumu itakuwa imekwenda wapi? Itakuwa sahanini kwako. Funga kopo kwenye mfuko wa plastiki, nawa mikono kwa sabuni, weka mahali mtoto hafiki, alafu ulikabidhi kwa afisa kilimo wa kata au ofisi ya TPHPA, wao ndo mamlaka ya viuatilifu Tanzania. Usimwage chooni, usifukie.

Dawa za minyoo zilizosajiliwa zipo, zingine za kisasa zina madhara kidogo kuliko za zamani, ila zimetengenezwa kwa mashamba, na hata huko nawaambia wakulima wasome siku za kusubiri kabla ya kuvuna na wavae glavu. Kwa viroba kumi huna sababu.

Viroba ni rahisi kuliko unavyodhani kwasababu udongo wako unahesabika. Mwaga udongo wa viroba vyenye vinundu juu ya turubai, toa mizizi yote uichome, loanisha, urudishe kwenye mifuko ya nailoni inayoangaza, mifuko midogo isiyozidi unene wa kiganja, ufunge mdomo na uianike juani juu ya bati. Minyoo inakufa udongo ukifika nyuzi 60 kwa nusu saa, na kwenye joto la chini kidogo kama 50 bado inakufa ukiuacha muda mrefu zaidi, kwahiyo wiki mbili za jua la Dar zinatosha kabisa kwa mifuko midogo. Ukiwa na haraka tumia nusu pipa, weka maji kidogo chini, chekeche juu yake, udongo unyevu juu ya chekeche, funika, upikwe kwa mvuke. Pima kwa kiazi mbatata, fukia kimoja cha kawaida katikati ya udongo, kikiiva na udongo umeiva. Acha upoe siku mbili, changanya na mboji iliyoiva na kama utapata mashudu ya mwarobaini changanya konzi moja kwa kila ndoo.

Kwa kile kitanda cha ardhini, bamia ni kipenzi cha minyoo hii kuliko karibu mboga zote, ipumzishe hapo kwa mwaka mzima.

Bibi Shamba, nimesikia ukipanda bangi pori au yale maua ya njano ya marigoldi kuzunguka nyanya minyoo inakimbia. Kweli? Niko karibu na Songea.

Nusu kweli, na hiyo nusu ya uongo imewaangusha wengi, mimi mwenyewe nikiwa mpya kazini niliwashauri akina mama wa kikundi kimoja wapande hayo maua pembezoni mwa shamba lote la nyanya, wakaamini, wakanunua mbegu, na mwisho wa msimu tulichimbua mizizi ya nyanya mbele ya wote tukakuta tangawizi tupu. Sitasahau nyuso zao. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mmea ule haufukuzi kwa harufu. Mizizi yake inavutia vichanga viingie alafu ndani vinakufa au vinashindwa kukua, kwahiyo unafanya kazi pale tu mizizi yake ilipofika. Mstari mmoja pembezoni unasafisha mstari mmoja pembezoni.

Ukitaka ifanye kazi, marigoldi ya Kifaransa ipande peke yake shamba zima, iwe imebanana, miezi miwili hadi mitatu, bila magugu katikati, alafu uikatie chini. Ni msimu mzima bila kuuza kitu, najua inauma. Bangi pori, ambayo ni ndugu wa marigoldi na sio bangi ya kuvuta, nayo inasaidia ila inajiotesha kila mahali kwahiyo ikate kabla haijatoa mbegu.

Lakini wewe uko Songea, kwanini uende mbali? Huko Peramiho ndiko marejea ilikoenezwa kwa wakulima, waulize wazee watakuonyesha. Marejea inapunguza minyoo fundo kwa njia inayofanana na hiyo, vichanga vinaingia kwenye mizizi havikamilishi kukua, na juu ya hapo inarudisha naitrojeni ardhini na inaua magugu kwa kivuli. Isie kwa kubanana mvua zikianza, ikitoa maua ifyeke uichanganye na udongo, subiri wiki mbili tatu ioze kabla ya kupandikiza mboga. Kitu kimoja, mbegu zake zina sumu kwa mifugo, usiache kuku na nguruwe wakazishambulia.

Nimekodi shamba Dumila nataka kuanza hoho, mwenyewe anasema halina shida. Nitajuaje kabla sijaingiza hela?

Usimbishie mwenye shamba, lipime. Tembea kwa zigizagi, chota udongo sehemu kama kumi na tano hadi ishirini, kina cha sentimita 20, sehemu zenye unyevu, changanya kwenye ndoo safi. Jaza makopo manne, kwenye kila kopo panda mbegu tatu za tango au nyanya isiyo na kinga, weka na kopo jingine moja lenye udongo uliopikwa kwa kulinganisha. Mwagilia, yakae mahali pa joto. Wiki ya nne hadi ya sita osha mizizi uhesabu vinundu. Ukitaka namba kamili peleka sehemu ya udongo huohuo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, hauko mbali, upeleke kwenye mfuko uliofungwa usiuanike juani njiani, mana wakifa humo kwenye mfuko majibu yatasema shamba ni safi.

Makopo yakitoka na vinundu, usimrudishie shamba kwanza, kaa naye mpange kodi upya alafu uanze na karanga.

Na miche ya hoho ukinunua, kabla hujalipa muombe muuzaji achomoe mitatu uoshe mizizi hapohapo mbele yake. Akikataa, nenda kwa mwingine.

*Tuma swali lako kwa Bibi Shamba pamoja na jina la zao, mahali ulipo, na picha ya mizizi iliyooshwa.*